Kombe Lilipanda Ndege, Sisi Tukapanda Basi

Nimechelewa kuandika haya. Daftari lilimwagikiwa chai ya maziwa kule Uyole, Mbeya, kwa hiyo kurasa mbili nimezisoma kwa kubahatisha, na picha nyingi za simuni ni visogo vya watu. Lakini wengi wananiuliza tulifikaje Mbeya na tulitumia kiasi gani, basi nimekaa na mjomba tukakumbushana siku baada ya siku.

Kwa wasiofuatilia mpira: msimu wa 2021/22 timu yetu, Yanga, walitwaa ubingwa wa ligi kuu wa 28, baada ya watani wetu Simba kulichukua kombe misimu minne mfululizo. Ubingwa wenyewe tuliumaliza Juni 15 kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Mkapa, Dar, tulipowafunga Coastal Union 3-0. Siku hiyo nilikuwa uwanjani na sauti ilinikauka. Ila kombe lenyewe lilipangwa kukabidhiwa Juni 25 Mbeya, baada ya mechi na Mbeya City. Ndipo mjomba alipopiga simu: "Mpwa, nina miaka 61. Hili nalifuata."

Alhamisi, Juni 23. Dar

Siku ya maandalizi. Tiketi nilikata kwa simu, 45,000 kila mtu, basi la kuondoka saa 12 asubuhi stendi ya Magufuli, Mbezi. Nikanunua mkate, maji na betri mbili za redio ya mjomba. Redio hiyo ni ya kizamani, antena ilishavunjika akaweka spoku ya baiskeli. Nilimwambia simu yangu inashika redio zote. Akanijibu simu yangu ikizima chaji tutasikiliza nini, upepo?

Usiku shemeji, mume wa dada yangu, akapita kutuaga. Yeye ni Simba wa kutupwa. Tangu Disemba, tulipotoka nao 0-0, tulikuwa na ahadi: Yanga wakipoteza hata mechi moja ya ligi, natoa jogoo, wakimaliza msimu bila kufungwa, anatoa yeye. "Nendeni tu," akasema, "Mbeya kuna baridi na kuna Mbeya City."

Ijumaa, Juni 24. Mbezi hadi Uyole

Tulifika stendi saa 10:30 alfajiri na hatukuwa wa kwanza. Nusu ya basi ilikuwa kijani na njano. Konda alipoona jezi zote zile akatangaza kwamba humu ndani hakuna vuvuzela mpaka Chalinze. Tulimheshimu mpaka Kibaha.

Hadi Morogoro sina la kusema, nililala. Mikumi nikaamshwa na mtoto wa siti ya mbele aliyekuwa anahesabu twiga. Barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, kwa hiyo unaona pundamilia na swala kwa nauli ileile ya basi. Ukitaka upande wenye kivuli asubuhi ya Juni, kaa kushoto unapokwenda Mbeya. Mimi nilikaa kulia na nikaungua.

Ni hapo Mikumi mjomba alipotoa kiberiti mfukoni. Ndani hapakuwa na njiti, palikuwa na njugu saba za kukaanga. Nikadhani ananikaribisha, nikanyoosha mkono. Akaufunga haraka.

"Hizi si za kula. Hizi ni sare."

Nikamwomba anieleze, akaziweka moja moja kwenye kiganja. Namungo kule Lindi, 1-1. Simba, 0-0, Disemba. Mbeya City hawahawa, Februari, kwa Mkapa, 0-0. Kisha kile kipindi kilichotunyima usingizi: Simba tena 0-0 Aprili 30, Ruvu Shooting 0-0 Mei 4 kule Kigoma, Prisons 0-0 Mei 9. Mechi tatu, hakuna bao hata la kusingiziwa. Ya saba ni Biashara United, 1-1 Mwanza.

Jamaa wa siti ya nyuma, kijana mwenye kofia ya njano, akaingilia: "Mzee, mbona huhesabu ushindi? Mayele katetema mara ngapi?" Mayele alikuwa mshambuliaji wetu, na kutetema ndiyo staili yake ya kushangilia bao.

"Ushindi kila mtu anaukumbuka," mjomba akasema. "Ile mechi ya kwanza Bukoba, Fei anafunga, tunawapiga Kagera 1-0, wewe unaikumbuka, na yule konda anaikumbuka. Niambie Kigoma ulikuwa wapi dakika ya tisini."

Kijana akakiri kwamba Kigoma alizima tivii.

Nimeifikiria sana ile hesabu. Kwenye vijiwe vyetu sare ya Kigoma iliandikwa kama msiba. Watu walishaanza kusema kocha Nabi aondoke, na washambuliaji wamelogwa. Lakini ukiitazama sasa, mechi zile ndizo zingetuua. Timu ilikuwa imechoka, Mayele anabanwa na mabeki wawili kila anapogeuka, mpira hauingii, na bado hatukufungwa katika mechi zote tatu. Viungo wetu Aucho na Bangala walikuwa wanaziba pale kati kama watu wanaozuia maji kwa mikono. Mei 15 tukaenda Dodoma tukawafunga Dodoma Jiji 2-0 na hewa ikarudi.

Chakula cha mchana tulikula Ruaha Mbuyuni, saa 7. Wali kuku 7,000, na hapo unalipia haraka zaidi kuliko ladha kwa sababu basi linasimama dakika 20 tu. Ushauri wangu: shuka na hela ya chenji mkononi, nenda moja kwa moja kwenye chakula, choo baadaye. Wenzetu wawili walianza na choo, wakarudi ndani ya basi na kuku kwenye mfuko wa nailoni. Vitunguu vya pale ni vizuri na bei yake ni ndogo, ila nunua wakati wa kurudi usije ukavizungusha Mbeya nzima.

Kisha Kitonga. Anayeijua hahitaji maelezo: mlima upande mmoja, bonde upande mwingine, na malori yanayopanda kwa kunguruma kama wazee wanaopanda ngazi. Katikati ya kona lori moja lilikuwa limeharibika, likaziba njia yetu. Tukakaa saa mbili na robo. Abiria wakashuka, vuvuzela zikatoka, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona watu wanacheza mtindo wa Mayele pembeni ya korongo, mikono inatetema, madereva wa malori wanapiga honi kuitikia.

Mjomba alibaki kwenye jiwe na redio yake. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma kwa wasafiri waliokwama akamwona amejikunyata, akamletea hindi moja na kiti kidogo cha mbao. Nilipotaka kumlipa akakataa. "Huyu ni baba yangu kabisa. Wewe nunua lako." Nikanunua manne, 500 kila moja. Hindi lile lilikuwa gumu kidogo, limeungua upande mmoja, na ndicho chakula nilichokifurahia kuliko vyote safarini.

Ilula nyanya, Ipogolo giza linaanza, Mafinga mbao na baridi. Makambako upepo ulikuwa unasukuma watu stendi, na yule kijana wa kofia ya njano akatangaza kwamba tumefika nyumbani kwa Makambo, mshambuliaji wetu mwingine. Utani huo aliurudia mpaka Igawa. Mjomba akamwomba alale.

Tulishuka Uyole saa 5 na nusu usiku. Hapa ndipo nakiri kosa langu: sikuweka nafasi ya gesti. Nilidhani Mbeya ni jiji, vyumba vitakosekanaje? Tukazunguka nyumba nne na bajaji, zote zimejaa watu wa kijani. Ya tano walikuwa na chumba kimoja kwa 60,000, na mlango wake haukuwa na kitasa. Mjomba meno yanagongana. Mimi nimevaa jezi na koti la mvua la Dar, ambalo kwa baridi ya Juni ya Mbeya ni sawa na kujifunika gazeti.

Dereva wa bajaji alikuwa kimya muda wote. Mwishoni akauliza, "Mzee huyu ni nani yako?" Nikamwambia ni mjomba. Akageuza bajaji. "Mimi ni Simba, niseme ukweli. Lakini shangazi yangu ana chumba cha watoto, na watoto wako shule ya bweni."

Shangazi alifungua mlango akiwa amejifunga mablanketi mawili. Hakuuliza majina. Alimtazama mjomba, akaenda kuchemsha maji.

Kwa mtakaokwenda miezi ya Juni na Julai: sweta si anasa. Chukua na soksi. Na kama kuna mechi kubwa, piga simu gesti wiki nzima kabla.

Jumamosi, Juni 25. Sokoine

Asubuhi mjomba alimwamkia mwenyeji "Ugonile", neno pekee la Kinyakyusa analolijua tangu alipofanya kazi reli. Mama akacheka mpaka akakaa. Tukapewa chai ya maziwa, viazi vitamu na parachichi kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Ni hapo daftari langu lilipolowa.

Mama hafuatilii mpira. Aliuliza swali moja tu: "Sasa hilo kombe mmelishinda Dar, kwa nini mnalifuata huku?" Lilikuwa swali zuri, na mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliolalamika kwamba shughuli ile ingefanyika kwa Mkapa, penye nafasi ya watu 60,000. Sikuwa na jibu la maana. Jibu nililipata saa chache baadaye.

Uyole hadi mjini daladala ilikuwa 600. Tulifika Sokoine saa 5 asubuhi na foleni ilikuwa imezunguka ukuta. Tiketi ya mzunguko, yaani jukwaa la kawaida, nilitoa 5,000. Nyuma ya uwanja Mlima Loleza umesimama juu ya jiji, wingu limekaa kileleni, na chini kote ni kijani, njano, na mabaka ya zambarau ya Mbeya City ambao hawakutaka kumezwa nyumbani kwao.

Kwenye foleni niliongea na watu. Kundi moja lilitoka Tunduma juu ya kenta, limefunika nyuma kwa turubai. Kina mama watatu walitoka Kyela na ndoo ya ndizi. Mbele yetu alikuwa mzee wa makamo ya mjomba, kavaa jezi iliyopauka mpaka njano imekuwa nyeupe. Alisema amekuwa Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, tangu kijana na timu hii anaiona kwenye kibanda umiza, kwa 500, akiwa amesimama nyuma ya vichwa vya watu. Kombe la ligi hajawahi kuliona kwa macho yake. Kwenda Dar kwake ni nauli, kulala, na shamba kubaki bila mtu.

"Leo limekuja lenyewe," akasema. Hakuwa anasema na sisi hasa. Alikuwa anaangalia geti.

Tangu pale sijalalamika tena kuhusu Mkapa. Sisi wa Dar tumezoea kudhani timu ni yetu kwa sababu makao makuu ya klabu yako Jangwani. Wale waliokuja na kenta hawana habari na Jangwani.

Mechi yenyewe nitaipitisha haraka, kama ilivyotupitisha: 1-1. Mbeya City hawakuja kupiga picha na mabingwa. Walikaba, walikimbia, walipiga mipira mirefu, na kila mpira wa juu ulipotua eneo letu mjomba alishika kiberiti mfukoni. Kwa hiyo msimu ule tulikutana nao mara mbili na hatukuwafunga hata mara moja. Mpenzi mmoja wa Mbeya City nyuma yetu alitukumbusha jambo hilo kwa sauti kubwa na kwa haki kabisa.

Filimbi ya mwisho ikapulizwa. Watu wote wamesimama wanaimba, mjomba ameinama. Alikuwa amenunua njugu za 200 getini, akachagua moja nzima, akaipangusa kwenye shati, akaitia kwenye kiberiti. Ya nane.

Kisha ikaja ile sehemu iliyotuleta kilomita zaidi ya mia nane. Wakapanga jukwaa, wakaita majina, medali zikavishwa, na kwa kuwa sisi tulikuwa mzunguko, tuliona migongo. Kombe liliponyanyuliwa kila mtu mbele yangu naye akanyanyua simu. Nilichokiona kwa macho yangu ni utepe wa kijani na njano, mpini mmoja unang'aa, na karatasi za rangi zinapeperuka kuelekea Loleza. Sekunde kumi, labda kumi na mbili. Picha niliyopiga ina kofia ya mtu, kidole cha mtu, na kitu cheupe pembeni ambacho mimi najua ni kombe.

Mjomba ni mfupi, hakuona kabisa. Nikataka kumnyanyua akanisukuma. Yule mzee wa jezi iliyopauka alikuwa amepandishwa mabegani na vijana wawili asiowajua, akawa anatutangazia: "Limeshikwa na Aucho! Sasa Fei! Mayele analibusu!" Sijui kama alikuwa anaona kweli au anabuni. Mjomba alisikiliza akiwa amefumba macho, kama anavyosikiliza redio.

Jioni tulirudi kwa shangazi na nyama kilo mbili na sukari. Akatukaripia kwa kupoteza hela, kisha akapika wali wa Kyela. Mpwa wake, yule dereva, alikuja kula na jezi nyekundu makusudi. Tukamwambia "ndaga fijo", asante sana, sote wawili, na matamshi yetu yakamfurahisha kuliko nyama.

Jumapili, Juni 26. Uyole hadi Mbezi

Nilinunua mchele wa Kyela kilo kumi kabla ya kupanda basi. Bei ya stendi ni kubwa kuliko ya sokoni, nenda sokoni jana yake kama unaweza. Mimi sikuweza.

Nauli ileile, basi jingine, safari hii halina kelele. Wengi walikuwa wamelala na jezi zao. Iringa nikawasha intaneti na ndipo nikaona: timu imepanda ndege, kombe limetua Dar, na barabara kutoka uwanja wa ndege hadi Jangwani imefurika. Bodaboda, magari, watu juu ya mapaa, watu juu ya miti. Majirani zangu wote walikuwa hapo. Dada yangu, ambaye mume wake ni Simba, alikuwa hapo. Alinitumia picha: kombe zima, limejaa kwenye kioo, juu ya gari la wazi, unaweza kuhesabu tepe zake.

Nikampa mjomba simu. Akaitazama muda mrefu, akaivuta karibu, akaisogeza mbali.

"Kumbe lina mipini miwili," akasema.

Kitonga kulikuwa kweupe, tukashuka bila kusimama. Nilimtafuta yule mama wa mahindi dirishani, sikumwona. Ruaha Mbuyuni vitunguu, gunia dogo, 8,000. Morogoro foleni ya mizani. Tuliingia Mbezi saa 4 usiku, na jiji likiwa limeshashangilia, limeshafagia, limelala. Kwenye lami palibaki vuvuzela moja iliyokanyagwa.

Jumla, kwa wanaopenda hesabu: kwa watu wawili tulitumia kama 310,000, pamoja na nyama, mchele na vitunguu. Bila ukarimu wa Uyole weka gesti mbili juu yake.

Jumatano, Juni 29. Nyumbani

Shemeji aligoma kutoa jogoo Jumapili ile. "Bado Mtibwa," alisema, na alikuwa na haki. Kwa hiyo jioni ya mechi ya mwisho tulikaa sebuleni kwake, tivii imewashwa, redio ya mjomba nayo imewashwa, inatangulia tivii kwa sekunde kadhaa na kumharibia shemeji kila kitu.

Mtibwa nao hawakutufunga. Mechi 30, ushindi 22, sare nane, kupoteza hakuna, pointi 74. Shemeji akasimama bila neno, akatoka uani. Tukasikia kuku wakipiga kelele.

Wali wa Kyela ulipoiva, mjomba akatoa kiberiti, akazimwaga njugu mezani, akaanza kuzitafuna moja moja akitaja viwanja. Lindi. Kigoma. Mwanza. Sokoine. Alipobakiza mbili akazisukuma mbele ya shemeji.

"Hizi ni zako. Disemba na Aprili."

Shemeji akazitazama. Akazitia mdomoni zote mbili kwa pamoja, akasema hazina chumvi.